Demani na Joshi: Elimu ya Tanga katika Historia ya Unguja

Wahenga walisema, "Vyaelea, vimeundwa." Waliosema hivyo walikuwa watu wa pwani, na neno lao halikuwa la mzaha. Mtu asimamaye Forodhani wakati wa alasiri, akayatazama majahazi yakielekea bandarini Malindi na matanga yao yamejaa, huona jambo jepesi: upepo unavuma, tanga linajaa, chombo kinakwenda. Haoni mbao zilivyochongwa, wala kamba zilivyosokotwa, wala tanga lilivyoshonwa. Na zaidi ya yote haoni mkono mmoja ulioshika kamba moja nyuma ya chombo, ukilegeza kidogo na ukivuta kidogo, tangu nanga ilipong'olewa mpaka itakapotiwa tena. Makala haya yanakusudia kuueleza mkono huo na nafasi yake katika historia yetu.

Historia ya visiwa vyetu, kama inavyosomeshwa mara nyingi, imekuwa ni historia ya upepo. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kaskazi, ivumayo tangu Desemba hadi Machi, iliwaleta wageni kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Na kwamba kusi, ianzayo mwezi wa Aprili, iliwarudisha makwao. Hayo ni kweli. Lakini kweli hiyo ikiachwa peke yake humfanya binadamu awe kama nazi kavu ieleayo baharini, ambayo hupelekwa popote mawimbi yatakapo. Upepo haumpeleki mtu atakako yeye. Humpeleka utakako wenyewe. Aliyefika alikokusudia alifika kwa sababu aliujua upepo na akajua namna ya kuupokea. Elimu ya kuupokea upepo ndiyo elimu ya tanga, na wenye elimu hiyo walikuwa mabaharia, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Ili jambo hili lidhihirike, namwomba msomaji achukue ramani ya mwambao wetu, aiweke mbele yake. Mji Mkongwe wa Unguja umeelekea magharibi, na ng'ambo yake ni pwani ya Mrima. Saadani iko karibu magharibi moja kwa moja. Bagamoyo iko kusini-magharibi, mwendo wa kilomita 40 na ushei. Dar es Salaam iko kusini zaidi, kama kilomita 70. Katika karne ya 19 bandari za Mrima ndizo zilizopokea misafara itokayo bara, na pembe nyingi za ndovu zilizouzwa Unguja, na magora mengi ya nguo yaliyopelekwa bara, yalivuka mkono huo wa bahari. Na watumwa pia walivushwa hapo, katika dhiki ambayo haifai kusahauliwa na mtu yeyote anayeyasifu majahazi.

Sasa na tuutazame upepo. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Chombo kinachotoka Unguja kwenda Bagamoyo huwa na upepo huo nyuma yake, na safari huwa nyepesi. Lakini chombo hicho kitarudije? Kwa kuwa Unguja iko kaskazini-mashariki ya Bagamoyo, upepo uliokipeleka sasa unakikabili usoni. Nahodha ana njia mbili. Ya kwanza ni kuondoka alfajiri na umande, yaani ule upepo mwepesi utokao nchi kavu, umsukume kabla kaskazi haijapata nguvu. Ya pili ni kubisha, yaani kwenda mshazari, mara upande huu mara upande ule, akiukaribia upepo kadiri chombo kinavyoweza. Ama aendaye Saadani, huyo hupata upepo ubavuni kwenda na kurudi, katika kaskazi na katika kusi. Kwa hiyo biashara ya Unguja na Mrima, iliyokuwa uti wa mgongo wa mji huu, haikutegemea upepo wa nyuma peke yake. Ilitegemea uhodari wa kutumia upepo wa ubavuni na upepo wa mbele. Uhodari huo wote umo katika namna ya kuliweka tanga.

Tanga la vyombo vyetu, tangu ngalawa hadi jahazi, ni la pembetatu. Upande wake mrefu umefungwa katika mti mrefu uitwao foromali, nao hupandishwa mlingotini kwa kamba za henza na jarari. Foromali haikai sawasawa. Ncha yake ya chini huelekea omo, na ncha yake ya juu huinuka kuelekea tezi. Pembe ya tanga iliyo mbele, karibu na omo, huitwa joshi, na wengine husema goshi. Pembe ya nyuma ina kamba iitwayo demani. Maneno hayo mawili yametumika pia kuzitaja pande za chombo: upande wa joshi ni ule utokako upepo, na upande wa demani ni ule uendako upepo. Hivyo baharia, hata akifumba macho, ana dira ya pande mbili, na pande zote mbili zimepewa majina ya tanga lake.

Tanga huwekwa kwa namna tatu zilizo kubwa. Upepo ukiwa nyuma, demani hulegezwa sana, na foromali hukingama juu ya chombo, tanga likatuna kama tumbo la mtungi. Upepo ukiwa ubavuni, demani huvutwa kiasi, tanga likakaa mshazari. Na chombo kikienda joshi, yaani kikikaribia upepo, pembe ya mbele huvutwa chini na kukazwa omo, na demani huvutwa nyuma mpaka tanga likakaribia kulingana na urefu wa chombo. Kati ya hali hizo tatu zimo hali nyingi ndogo ndogo, na humo ndimo fundi anapotambulikana na mwanagenzi.

Tanga lina desturi kama bawa la ndege. Halisukumwi tu na upepo, bali upepo hupita pande zake zote mbili, na katika kupita huko chombo huvutwa mbele. Demani ikilegea kupita kiasi, ukingo wa mbele wa tanga hutetemeka na kupiga makofi, na nguvu hupotea. Ikikazwa kupita kiasi, tanga huonekana limejaa vizuri, na hapo ndipo mjinga hudanganyika, kwani upepo hauteremki tena juu ya tanga bali hulipiga kama ukuta; chombo hulala upande, maji hupiga kelele, na mwendo ni mdogo. Kanuni ya mabaharia ni fupi: legeza demani mpaka tanga lianze kutetemeka, kisha vuta mpaka litulie, hapo basi. Na kwa kuwa upepo haukai mahali pamoja, kanuni hiyo haifanywi mara moja. Hufanywa safari nzima.

Kuna na siri nyingine, nayo ni ya mahali demani inaposhikizwa. Ikishikizwa mbele zaidi, huvuta pembe ya tanga kuelekea chini. Ukingo wa nyuma hukazika hadi juu, na sehemu ya chini hubaki na tumbo. Ikishikizwa nyuma zaidi, huvuta sehemu ya chini ikanyooka, na sehemu ya juu hulegea ikaumwaga upepo. Kwa hiyo upepo ukiwa mpole, demani huletwa mbele kidogo ili tanga lote lifanye kazi. Upepo ukichachamaa, hupelekwa nyuma ili sehemu ya juu ipumue na chombo kisilale. Leo katika mashua za starehe za Ulaya na Marekani pamewekwa reli ya chuma na kapi linaloteleza juu yake, ili tanga la mbele livutwe kwa pembe ifaayo. Vitabu vimeandikwa juu ya pembe hiyo, na watu hulipa fedha kufundishwa. Kwetu mvuvi wa ngalawa huipata pembe ile ile kwa kusogeza mkono wake shibiri moja juu ya ukingo wa chombo. Elimu ni moja. Tofauti ni kwamba ya wenzetu imeandikwa, na yetu imo mkononi.

Nami niliipata sehemu ndogo ya elimu hiyo kwa aibu. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mjomba wangu alinichukua katika ngalawa yake kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu. Tulipakia mchele na dumu la mafuta ya taa. Ilikuwa wakati wa kusi, upepo ukitupiga kutoka kushoto. Mjomba alikuwa ameshika usukani, akanipa demani niishike. Kamba ile ilikuwa ya makumbi, nayo ilinikwaruza viganja. Baada ya muda nikaona tabu ya bure. Nikaifunga katika mti wa chombo fundo mbili madhubuti, nikakaa kitako nikitazama samaki. Mjomba alikuwa akitazama mbele, hakuniona.

Ghafla upepo ukaja kwa kishindo. Tanga halikuwa na pa kupumulia. Ngalawa ikalala, na tengo la upande wa demani, yaani ule ubao wa pembeni uzuiao chombo kisipinduke, likazama lote majini. Maji yakaingia, mchele ukalowa. Nilizikamata fundo zangu, lakini kamba iliyokwisha kubana haifunguki kwa vidole vya mtoto. Mjomba aliuacha usukani, akaruka, akaikata demani kwa kisu. Tanga likapiga makofi kama kiyama, na ngalawa ikainuka polepole.

Hakunipiga. Alikaa kimya mpaka tulipokwisha kuyateka maji yote, ndipo akasema, "Mwanangu, demani haifungwi, hushikwa. Ukiifunga umeuambia upepo kwamba huna haja ya kusikia utakalosema." Kisha akaiunga kamba ile, akanipa tena mkononi. Nilitaka kukataa, akasema, "Shika." Nikaishika mpaka Tumbatu.

Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimehudhuria mikutano mingi juu ya kuhifadhi utamaduni. Kila linapotajwa neno "kuhifadhi" hukumbuka fundo zangu mbili. Tuna mazoea ya kudhani kwamba kitu kimehifadhiwa kikiwa kimefungwa: katika kabati, katika kitabu, katika jumba la makumbusho. Elimu ya tanga haihifadhiki hivyo.

Tazama habari ya mtepe. Kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinavitaja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mtepe wetu ulikuwa wa jamaa hiyo: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kwa ukindu. Mitepe ilikwenda baina ya visiwa vya Lamu na Unguja, nayo ikatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 uliundwa mtepe mwingine ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Ilikuwa kazi njema ya kusifiwa. Lakini sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na sote tulikumbushwa kwamba hata mawe hayaaminiki. Namna ya kushona mbao iliweza kufufuliwa kwa kutazama mifano na picha. Namna ambavyo nahodha wa mtepe alivyoziamuru kamba za tanga lake la ukindu, akiwa baharini na upepo unageuka, hiyo haimo katika picha yoyote, kwa sababu ni mwendo wala si umbo.

Ama tanga la pembetatu, hilo lilikutwa lingali hai na mtu aliyejua kuandika. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri ndani ya chombo cha Kuwait kiitwacho Bayan, wakapita Lamu na Mombasa, wakafika Unguja mwaka 1939, kisha wakaenda maingilio ya mto Rufiji kupakia boriti za mikoko. Mwaka 1940 alitoa kitabu chake juu ya safari hiyo. Mojawapo ya mambo aliyoyaona ni kwamba vyombo vile vikubwa, vikitaka kubadili upande wakati wa kubisha, haviukati upepo kwa omo. Hugeuka kwa tezi: chombo huupa upepo mgongo, foromali husimamishwa karibu na mlingoti, na tanga zima na demani yake huzungushwa kwa mbele hadi upande wa pili. Kukisi tanga namna hiyo ni kazi ya mabaharia wengi, tena ni ya hatari upepo ukiwa mkali, na kila mara chombo hupoteza masafa kiliyokwisha kuyapata. Ndiyo maana nahodha mwenye busara alipendelea kungoja majira yake. Kungoja huko wageni wengine walikuita uvivu. Kulikuwa ni hesabu.

Na nani waliokuwa wakiivuta demani? Katika karne ya 19 mabaharia wengi wa vyombo vya Unguja walikuwa watumwa au watu waliokwisha kuachwa huru, na wengine walikuwa wana wa vijiji vya pwani, kutoka Tumbatu, Nungwi, Fumba na Kizimkazi. Faida ya safari ilikuwa ya wenye mali. Historia iliyoandikwa ikawa ya masultani, mabalozi na matajiri. Lakini hakuna sultani aliyevuka mpaka Bagamoyo kwa amri yake. Alivushwa na mtu aliyejua ni wakati gani wa kulegeza.

Mabadiliko yalianza mapema. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za Kiingereza zikaanza kuja Unguja kwa ratiba, bila ya kuuliza kaskazi wala kusi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mafuta yalipoleta utajiri katika nchi za Ghuba, vijana wa huko wakaiacha bahari, na vyombo vyao vikubwa vya tanga vikapungua mpaka vikakoma. Majahazi yetu yakabaki na kazi ya karibu: mkaa, mbao, boriti, chumvi. Kisha nayo yakatiwa mashine. Leo huko Nungwi mafundi wangali wakiunda vyombo ufukweni kwa tezo na keekee, na ngalawa za tanga zingali zikienda kuvua. Lakini vyombo vingi vina mashine, na katika vingine tanga limekuwa pambo la kuwapendeza wageni wakati wa kuchwa kwa jua: linatwekwa ili lipigwe picha, huku mashine ikifanya kazi.

Simlaumu mvuvi aliyetia mashine. Mashine humrudisha nyumbani kabla ya usiku, na mwenye watoto hana haki ya kuchagua umaskini ili apendeze machoni mwa washairi. Nasema tu kwamba mashine ikizimika katikati ya mkondo, na tanga limo chomboni, lakini hakuna ajuaye kulipa pembe yake, tanga hilo ni shuka. Elimu hii basi si pambo la utamaduni. Imewahi kuokoa roho, na itaokoa tena.

Kuna na hasara ya pili, ambayo kwa mtu wa lugha ni kubwa pia. Kiswahili kimelelewa chomboni. Mtu anayebisha mlango, anayebishana na mwenziwe, na chombo kinachobisha upepo, wote wanatumia kitenzi chenye sura moja. Majira ya baina ya kaskazi na kusi, ambapo vyombo huweza kwenda huku na huku, tunayaita tangambili. Miezi ya mwisho wa kusi, upepo unapokuwa mpole, tunaiita demani, jina lile lile la kamba. Tunapoona kazi ya ofisi imeharibika kwa wakubwa kuwa wengi tunasema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Maneno hayo yamo katika kamusi. Madan aliyakusanya mengi ya namna hii Unguja na kuyachapa mwaka 1903, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imeyarithi. Lakini neno lisilokuwa na mkono nyuma yake ni kama fundo langu la utotoni: limeshika sana, na halisikii kitu. Nimewahi kumwuliza kijana mmoja, mwenye alama nzuri za Kiswahili, maana ya demani. Akaniambia, "Ni kamba ya tanga." Nikamwuliza, "Ya kufanyia nini?" Akacheka, akasema, "Bwana mkubwa, hilo halikuulizwa katika mtihani."

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wetu. Somo la misimu ya pepo lisiishie katika mishale iliyochorwa juu ya ramani. Mwanafunzi aulizwe: chombo hiki kimefika Bagamoyo kwa kaskazi, kitarudije? Apewe kijiti, kipande cha nguo na uzi, atengeneze tanga dogo la ngalawa, alisimamishe mahali penye upepo, na asogeze uzi mbele na nyuma mpaka aone kwa macho yake lini tanga linatetemeka na lini linatulia. Kisha apelekwe bandarini Malindi, au Mkokotoni, au kwa wazee wa Nungwi, amwamkie mzee mmoja kwa adabu na amwombe amweleze demani. Asiandike kwanza. Aombe kuishika.

Mjomba wangu amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na ngalawa yake ilioza zamani pwani ya Mkokotoni. Hakuacha kitabu, wala hakujua kwamba ana elimu ya kuitwa historia. Aliniachia jambo moja tu, kwamba kamba ile hushikwa. Sisi tulioishika kidogo tukiwa watoto tumekuwa watu wazima, na viganja vyetu vimelainika kwa kalamu. Kama kuna kijana wa kuipokea, na anyooshe mkono sasa, maana aliyekuwa akijua kuitoa anazidi kuwa haba.